Mawe Meupe ya Chumba cha Tatu

Siku ambayo baba yake alikuja kukagua nyumba, Restuta alifagia uwanja mara mbili, na mara zote mbili Ipyana, mchumba wake, alimcheka.

"Utatuchimbia kisima kwa huo ufagio, mama."

"Cheka tu. Baba yangu humjui wewe. Akiona ganda la pipi uani atauliza kama naolewa na nyumba au na jalala."

"Hujaolewa bado."

"Ndiyo maana nafagia!"

Ipyana alikuwa ametoka zamu ya usiku mizani, kule malori yanakopimwa uzito kabla ya kuvuka kwenda Zambia. Hata kizibao chake cha kung'aa hakuwa amekivua. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, macho mekundu kwa usingizi, anamtazama Restuta anavyoinama na kuinuka. Jamani, kuna watu wanapendana mpaka wewe unayewatazama ndiye unayeona haya. Wawili hawa walikuwa hivyo. Restuta akageuka ghafla, akamkuta bado anatazama.

"Unaangalia nini?"

"Namwangalia mama mwenye nyumba."

"Nenda kalale huko." Lakini alitabasamu, akauficha uso kwenye ncha ya kitenge.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa vyumba vinne vya mstari mmoja, mabati mapya, plasta ya nje bado haijakauka vizuri, nje kidogo ya Tunduma kwenye barabara ya Sumbawanga. Mpango wao ulikuwa rahisi. Wangekaa chumba cha kwanza, vitatu wapangishe, na kodi ya hivyo vitatu iwajengee vingine. Ipyana alikuwa akisema nyumba itajijenga yenyewe, wao wawe wanaitazama tu. Wenzake kazini walianza kumwita Baba Mwenye Nyumba hata kabla tofali la kwanza halijalazwa, na yeye alikuwa akiitika bila aibu, na viatu vyake vimetoboka.

Lakini msidhani walijenga kwa sababu ya kodi. Walijenga kwa sababu ya neno moja la Mzee Anyosisye.

Mzee Anyosisye, baba yake Restuta, ni mkulima wa kahawa kule Hasamba, tena mzee wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Mshenga wa Ipyana alipofika kwake, alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kijana ana mshahara. Nimesikia. Mshahara ni wa mwezi. Ardhi anayo? Leo binti yangu akifa mikononi mwake, atamzika wapi? Chini ya kitanda cha kupanga?"

Mshenga alirudi Tunduma amenyong'onyea. Wengine wangelia. Hawa wawili walianza kutafuta kiwanja.

Na walikitafuta kama wanavyotafuta watu wenye ajira, yaani kwa haraka, jioni, kazi ikishaisha. Ipyana alikiona mara moja tu, jua linazama, nyasi zimemfika kiunoni, dalali anaongea bila kupumua. Ujenzi nao ukaenda hivyohivyo. Yeye yuko mizani, ambako simu huachwa mlangoni zamu nzima. Restuta yuko hospitali, muuguzi wa wodi ya wazazi. Kwa hiyo wakakubaliana na fundi wao, Rubeni, kwamba kukiwa na jambo lolote ampigie Restuta, maana yeye simu anaruhusiwa. Saruji ikiisha, Restuta. Mchanga ukichelewa, Restuta. Nyumba ile ilijengwa kwa simu, nusu ya maneno yakisemwa huku mama fulani anapiga kelele za uchungu chumba cha pili.

Hata ile bustani ndogo mbele ya chumba cha tatu ilitokana na simu. Rubeni alipiga siku wanachimba msingi.

"Dada, hapa kinapopita chumba cha tatu kuna mawe meupe. Yako kama yamepangwa. Tuyafanyeje?"

Restuta alikuwa na glavu mkono mmoja, simu ameibana begani. "Yatoe, Rubeni, msingi usisimame. Ila usiyatupe. Ni mazuri?"

"Mazuri, dada. Yanang'aa."

"Basi niwekee. Nitazungushia maua."

Ndivyo alivyosema. Akakata simu, akarudi kwa mgonjwa wake. Na Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe, akapanda maua ya njano, akayapanga yale mawe kwa duara, kubwa dogo, kubwa dogo, akasimama akayatazama na akajisikia mwenye kwake. Asubuhi hii aliyamwagia maji ili yang'ae. Alitaka mama yake ayaone kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Gari ikaingia kama saa nne hivi, Noah ya Gwamaka, mtoto wa shangazi yake, ikiyumba kwenye ile njia mbovu. Mama yake Restuta, Mama Ferista, alishuka na kuku, parachichi na kigelegele. Mzee Anyosisye alishuka na koti lake la kanisani na kimya chake.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama." Ipyana alikuwa ameshavaa shati safi lakini juu yake, kwa kuchanganyikiwa, akarudishia kile kizibao cha kazini. Restuta alimwona, akataka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Ferista. "Ee, Bwana! Hivi vyote ni vyenu?"

"Vya kwenu pia, mama."

"Msikie huyu! Resti, huyu anajua kuongea."

Mama alikuwa upande wa Ipyana tangu zamani, hilo halikuwa siri. Aliingia chumba cha kwanza, akapapasa ukuta, akafungua dirisha, akafunga, akafungua tena. Restuta akawa nyuma yake, anasubiri sauti ya baba yake huko nje.

Baba alisimama uani akitazama huku na huku, kwenye nyumba za majirani, kwenye nguzo za umeme, kwenye mabati yaliyojaa mpaka upeo wa macho. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba na Ipyana akamfuata kwa heshima, hatua mbili nyuma.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa ambalo Rubeni alishindwa kulipasua. Mgongoni lilikuwa na mifereji miwili laini, kama kitu kimesuguliwa hapo miaka mingi. Mzee Anyosisye aliinama. Akaingiza kidole kwenye mfereji mmoja, akakivuta polepole mpaka mwisho.

"Kijana, hiki kiwanja ulikipata kwa nani?"

"Kwa dalali, mzee. Mwenyewe ni kijana mmoja anaitwa Clever. Alikuwa anahamia Nakonde kwa biashara. Alisema ni eneo la babu yake."

"Babu yake aliitwa nani?"

"Sikuuliza, mzee."

"Uliuliza nini?"

"Niliuliza kama maji yanafika. Kama umeme uko karibu. Kama gari la mchanga linaweza kuingia."

"Ee," alisema mzee. "Maswali ya mwenye nyumba." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyechoka. "Babu yake alikuwa binamu yangu. Nilimwachia mimi shamba hili, niliporudi Hasamba kushika kahawa ya baba. Jembe langu nilikuwa nalinolea hapa."

Kwa dakika moja Ipyana alifurahi, maskini. Alidhani ni baraka. Alidhani Mungu amemchukua kwa mkono akamleta kwenye ardhi ya wakwe zake mwenyewe. Akatabasamu, akafungua mdomo kusema hivyo, lakini mzee alikuwa ameshaanza kutembea. Alitembea kuelekea mashariki, taratibu, kama mtu anayekumbuka nyumba gizani. Akafika kwenye ukuta wa chumba cha tatu. Akaweka kiganja kwenye plasta mbichi.

"Mama Restuta!" aliita. "Njoo hapa!"

Restuta alikuwa hajawahi kusikia baba yake akiita hivyo. Alitoka mbio. Lakini mama hakwenda kule alikoitwa, kwa sababu alikuwa ameshatoka nje kabla yake, na alikuwa amepiga magoti mbele ya yale maua ya njano.

"Mama?"

Mama Ferista alikuwa ameshika jiwe moja, analigeuza. "Haya niliyabeba mimi," alisema. "Kutoka mtoni. Wewe nilikuwa nimekufunga kifuani, unanyonya. Mawe nikayabeba mgongoni, kwenye kitenge alichokuwa anakaa mwenzako."

Hapo Restuta akaelewa. Tangu mdogo alijua kwamba alizaliwa pacha, kwamba yeye alikuja wa pili, kwamba wa kwanza aliitwa Atupele na hakufika hata kutambaa. Alijua kwamba alizikwa Tunduma, kule walikokaa zamani. Basi. Kwao habari ya Atupele ilikuwa inasemwa kwa sauti ya chini na kuachwa hapohapo. Tunduma aliyokuwa akiifikiria yeye ilikuwa na shamba na ng'ombe na mto, siyo hii ya mabati na malori.

Mzee Anyosisye alikuja akasimama karibu nao. Koti la kanisani lilikuwa na chokaa ya ukuta kwenye mkono.

"Kwa ukoo wetu pacha mdogo hazikwi na wakubwa," alimwambia Ipyana. "Anawekwa mwisho wa shamba, chini ya mawe meupe, bila msalaba. Na yule aliyebaki akikua, akitaka kuolewa, anapelekwa kwanza kumuaga mwenzake. Ndipo anatoka. Leo nilimwambia Gwamaka tukitoka hapa tutafute shamba letu la zamani tuulizie. Nilitaka nimpeleke Restuta. Nilikuwa nimeshakubali, kijana. Nilikubali tangu juzi. Nyumba nilikuja kuitazama tu ili usione nimekubali bure."

Ipyana alifunga macho. Mimi nadhani neno lile ndilo lililomuua moyo, kuliko yote yaliyofuata.

Rubeni alikuwa juu ya ngazi, upande wa pili, anamalizia mfereji wa maji ya mvua. Mzee akamwita, akashuka huku anajifuta mikono kwenye suruali.

"Fundi, mlipochimba hapa mliona nini?"

"Hatukuona kitu, mzee. Udongo tu. Ulikuwa mweusi na laini kuliko wa kwingine, tukafurahi maana kazi ilikwenda haraka."

"Huo udongo mlipeleka wapi?"

Rubeni akamtazama Ipyana. Akatazama chini.

"Mzee, njia ilikuwa na mashimo. Gari la mchanga likawa linakwama pale kwenye kona. Tukajazia."

Wote wakageuka kutazama kona ile. Kulikuwa na kipande cha njia chenye rangi nyeusi zaidi, kilichoshindiliwa na matairi. Noah ya Gwamaka ilikuwa imepita hapo muda mfupi uliopita, na kuku, na parachichi, na kigelegele. Mama Ferista akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

"Na mawe," baba akaendelea, sauti ileile ya chini. "Mlikuta mawe yamepangwa. Mtu mzima anajua mawe hayajipangi. Nani aliwaambia myatoe?"

"Tulipiga simu kwanza, mzee, hatukuamua wenyewe. Tukaambiwa..." Macho ya Rubeni yakaanza kumtafuta Restuta.

"Mimi," alisema Ipyana.

Rubeni akamgeukia.

"Nilipigiwa mimi, baba. Nilikuwa kazini. Nikasema yatoeni, msingi usisimame."

Restuta alifungua mdomo. Ipyana hakumgeukia, lakini mkono wake, nyuma ya mgongo, pale ambapo baba hakuuona, ulifungua na kufumba mara moja kwa nguvu. Ishara hiyo Restuta aliijua. Ndiyo waliyokuwa wakipeana akija kumchukua hospitali na matroni yuko karibu. Nyamaza kwanza. Na Restuta, kwa hofu na mshtuko, alinyamaza.

"Nitabomoa, baba," Ipyana alisema. "Chumba hiki, nyumba yote ukitaka. Leo hii. Rubeni, leta nyundo."

"Utabomoa. Halafu?"

"Nitarudisha mawe mahali pake."

"Juu ya nini?" aliuliza mzee. "Utaichota barabara?"

Ipyana alitazama tena ile kona.

"Mwanangu, sikuchukii," Mzee Anyosisye alisema. "Ungenitukana, ungelipa mbuzi tukala pamoja yakaisha. Hili mimi sijui linalipwaje. Mchungaji ataniambia mtoto yuko mbinguni, nami nitaitikia amina, maana ndivyo ilivyo. Lakini huyu mama, mkizaa akija kulea mjukuu, alale chumba gani? Restuta afagie wapi? Nilikuuliza utamzika wapi binti yangu. Nawe umemfukua mmoja kabla sijakupa wa pili."

"Baba..."

"Basi. Restuta, chukua mkoba wako."

Mkoba ulikuwa chumba cha kwanza. Restuta aliingia, na Ipyana akamfuata akasimama mlangoni. Hakuna aliyewakataza. Chumba kilikuwa kitupu, kinanuka saruji, na ukutani Restuta alikuwa ameshachora kwa penseli mahali kabati litakapokaa.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ongea polepole."

"Sitaki polepole! Simu niliipokea mimi, Ipyana. Mimi! Nikasema nitazungushia maua! Nimemzungushia maua kwa mawe yake mwenyewe, jamani, nimeyamwagia maji asubuhi yang'ae!"

"Najua, Resti."

"Rubeni anajua."

"Rubeni nitaongea naye."

"Nakwenda kumwambia baba." Akajaribu kupita. Ipyana hakumshika, ila hakusogea.

"Mwambie," alisema. "Lakini kwanza niambie kitabadilika nini. Udongo utarudi? Mimi nitapewa wewe? Sipewi. Nyumba ni yangu, msingi ni wangu, fundi ni wangu. Ukisema, watakachopata ni kukutazama kila siku na kukumbuka. Leo wamempoteza mmoja mara ya pili. Usiwapotezee wa pili."

"Na mimi je? Hasamba nzima itasema Ipyana wa mizani alifukua kaburi la mtoto. Nitawasikia kisimani, nitawasikia kanisani, nikae nimenyamaza?"

"Wacha waseme. Mimi si wa Hasamba."

"Unaongea kama kitu rahisi!"

"Si rahisi!" Hapo sauti yake ikapasuka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akapumua. "Si rahisi, mama. Lakini nisikilize. Ile simu ningeipokea mimi, ningesema hivyohivyo. Ningesema yatoeni. Tena mimi nisingekumbuka hata kusema yasitupwe. Wewe angalau uliona ni mazuri."

Restuta akalia. Alilia huku ameegemea ule ukuta wenye alama ya penseli, na Ipyana akamfuta shavu kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa na vumbi la chokaa kikamwachia mstari mweupe.

"Tuondoke," alisema Restuta. "Wewe una kazi, mimi nina kazi, tuombe uhamisho. Twende popote. Nyumba iuze."

"Nimuuzie nani? Nimwambie mtu nini? Kwamba maji yanafika?"

"Basi iache ioze! Twende tukapange chumba kimoja, kama watu wengine. Mimi sikutaka nyumba. Nilikutaka wewe."

Ipyana alimtazama muda mrefu. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama asubuhi kutoka kwenye ndoo, ila safari hii hakukuwa na kicheko.

"Wewe utalala, Resti? Nikizima taa, ukanishika mkono huu, utalala?"

Alitaka kusema ndiyo. Mungu anajua alitaka. Lakini tangu mama yake alipopiga magoti, miguu yake ilikuwa inakataa kukaribia mlango wa chumba cha tatu, na kila alipoutazama mkono wa Ipyana aliuona wake mwenyewe umeshika simu. Alitafuta uongo mmoja mdogo wa kumpa, akaukosa.

"Hata mimi silali," alisema Ipyana kwa upole. "Twende Mbeya, twende Lusaka, tutalala na Atupele katikati. Nenda. Baba anasubiri."

"Sijui nitakwendaje."

"Chukua mkoba. Anza na mkoba."

Nje, Mama Ferista alikuwa anayakusanya mawe kwenye kitenge chake, moja moja, anayapangusa tope. Ipyana alipiga magoti kumsaidia. Mama akamshika kiganja, si kwa ukali.

"Acha, mwanangu. Haya nilishayabeba."

Walipanda gari. Kuku alibaki uani, amefungwa miguu, hakuna aliyekumbuka. Gwamaka akawasha, wakaanza kutoka taratibu, na Restuta akaamua kutogeuka. Alikaza shingo. Aliweza mpaka walipokaribia ile kona.

"Simamisha," alisema Mama Ferista.

"Mama?"

"Simamisha gari, Gwamaka. Sipiti juu yake tena."

Mzee Anyosisye ndiye aliyefungua mlango kwanza. Akashuka, akavua kofia, akakanyaga majani ya pembeni, akatangulia peke yake bila kutazama chini. Mama na Restuta wakafuata, mama amekumbatia mawe, Restuta amemshika kiwiko. Gwamaka akaisogeza Noah nje ya njia kabisa, kwenye majani, akaipitisha huko ikilala upande.

"Resti," alisema mama, sauti ya chini, macho kwa mumewe huko mbele. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapanga vikombe kabatini. Kikubwa, kidogo. Kikubwa, kidogo. Nilikuwa nakutania."

Restuta akapunguza mwendo.

"Mwanamume hapangi mawe hivyo," alisema mama.

"Mama, mimi ndiye..."

"Sikukuuliza." Kiwiko cha mama kilimbana mkono. "Baba yako asijue. Hawezi. Mimi naweza, yeye hawezi. Kijana amelibeba, mwache alibebe."

"Ni zito mno kwake, mama. Ataishije?"

"Sijui." Mama Ferista alikuwa analia bila kujifuta, maana mikono ilikuwa imejaa. "Ni kijana mzuri. Ningempata wapi mwingine kama yule? Lakini tutafanyaje, mwanangu. Tembea."

Wakatembea. Ile sehemu nyeusi ilikuwa fupi, hata mtoto angeiruka kwa kukimbia, lakini kwa Restuta haikwisha. Walipoipita na kulifikia gari, alisikia vishindo nyuma yake, akageuka.

Ipyana alikuwa anakuja mbio. Aliwaona wameshuka, akadhani mzee amebadili moyo. Usoni alikuwa na lile tumaini la asubuhi, lote, kama hakuna kilichotokea. Alikimbia mpaka pale njia inapobadilika rangi, na hapo akaona mlango wa gari uko wazi, na mzee ameshaketi, na akaelewa kwa nini walishuka. Akasimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshanyanyuka. Akaurudisha nyuma.

Walitazamana, kile kipande cha udongo kikiwa katikati yao. Kizibao chake kilikuwa kinang'aa juani. Restuta alisubiri aseme neno, na yeye alisubiri Restuta aseme, na Gwamaka akapiga honi kidogo, kwa aibu.

"Resti," mama aliita kutoka ndani. "Nipokee, mikono imechoka."

Restuta akapanda, akafunga mlango, akayapokea mawe akayaweka mapajani.